Zilipotoka au Zilipotoshwa?

Kitenzi kimoja cha Kiingereza, chenye herufi nne tu, kilinitoa jasho katika darasa la kidato cha nne huko Kotile, na mpaka leo sina hakika kwamba nimekimaliza. Kitenzi chenyewe ni 'skew'. Kilikuwa kimejificha ndani ya kifungu cha ufahamu kuhusu sensa ya watu, kifungu ambacho mwenzangu afundishaye Kiingereza alikuwa amewapa wanafunzi wake. Nami nikaona si vibaya kukichukua kifungu hichohicho na kuwataka wanafunzi wakifupishe kwa Kiswahili. Sentensi iliyozua kizaazaa ilikuwa fupi. Ilieleza kwamba takwimu za maeneo ya kaskazini mwa Kenya zilikuwa 'skewed'. Basi.

Wanafunzi wengi waliandika "zilipotoshwa". Ndivyo kamusi zao ndogo zilivyowaelekeza, na naungama kwamba hata mimi ningaliandika hivyo laiti ningeulizwa kwa ghafla. Msichana mmoja aliandika "zilipotoka". Mvulana wa dawati la nyuma, mmoja wa wale wapendao mabishano kuliko chakula, akasimama na kudai kwamba mwenzake amekosea, kwa maana takwimu haziwezi kujipotosha zenyewe. Lazima pawe na mtu. Msichana akamjibu bila hata ya kuinua uso kutoka daftarini: "Na wewe uliyeandika zilipotoshwa, unamjua aliyezipotosha? Mbona hukumtaja?"

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza ghafla. Nililielewa kimya kile. Kila aliyekuwa mle ndani alijua ni nani hudhaniwa, pindi magazeti yanapoandika kwamba takwimu za kaskazini zimepotoshwa. Hudhaniwa baba yake, na chifu wake, na pengine binamu yake aliyeajiriwa kwa siku chache kuwahesabu watu.

Kwa msomaji asiyeijua Kotile, ni mji mdogo katika kaunti ya Garissa, upande wa mashariki wa Mto Tana, si mbali na Masalani. Wakazi wake wengi ni Wasomali wafugaji. Kiswahili kwao ni lugha ya shule, ya soko, na ya kuzungumza na jirani Mpokomo. Mwanafunzi wa huko hubeba lugha tatu kichwani, na nne tukihesabu Kiarabu cha duksi, kama wanavyoiita madrasa. Mtoto wa namna hiyo si rahisi kumpumbaza kwa tafsiri. Anapoambiwa kwamba neno hili ni sawa na lile, huwa tayari ameshalipima kwa neno la tatu.

Nilifuta ubao nikaanza upya. Niliwauliza wao hulitajaje jambo lililokwenda upande kwa Kisomali. Wakaniambia kwamba fimbo isiyonyooka ni 'qalloocan', na iliyonyooka ni 'toosan'. Nikauliza kama neno hilo la kwanza linaeleza aliyeipinda fimbo. La, wakasema, linaeleza jinsi fimbo ilivyo. Huenda mti uliota hivyo. Mvulana mwingine akaleta mfano uliokuwa bora kuliko wangu wote. Alisema kwamba punda anapotoka mtoni na mitungi ya maji, mzigo aghalabu hulalia upande mmoja njiani. Huenda aliyeufunga alizembea. Huenda kamba ililegea. Huenda mtungi wa kushoto unavuja, na wa kulia haujapungua hata tone. Atakayesimama kando ya njia ataona tu kwamba mzigo umeinama, na mwenye punda hataanza kwa kumtafuta mchawi; ataanza kwa kushika mitungi.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba suala letu si la msamiati, bali la kauli za vitenzi, na hili ni jambo ambalo walimu wenzangu wa Kiswahili watalikubali bila ya kusukumwa. Kiingereza kina desturi ya kuficha. Kinaposema kwamba takwimu ni 'skewed', hakituambii kama neno hilo ni kitenzi katika hali ya kutendwa au ni kivumishi tu, mithili ya kusema kwamba ukuta ni mrefu. Mwandishi anaweza kumshutumu mtu, kisha akiulizwa akasema hakumshutumu yeyote, na sarufi ya lugha yake ikamlinda. Kiswahili hakimpi maficho hayo kwa urahisi. Ukiitia kiwambo -k- mwishoni mwa shina, umesema kwamba jambo limetukia au liko katika hali fulani: -potoka. Ukigeuza -k- hiyo kuwa -sh-, kama tunavyofanya katika -chemka na -chemsha, au -anguka na -angusha, umemleta mtendaji jukwaani: -potosha. Ukiongeza -w-, umemtoa tena jukwaani lakini kivuli chake kimebaki: -potoshwa. Anayesema "zilipotoshwa" anasema kwamba palikuwa na mkono, hata kama hataki kuutaja.

Kipo kitenzi chetu kimoja kinachofanana na hicho cha Kiingereza kwa hulka, nacho ni -pinda. Twasema "mti umepinda", bila ya mkosaji. Twasema pia "fundi amepinda chuma", na mkosaji, kama ni kosa, yu mbele ya macho. Kitenzi ni kilekile, wala hakikubadilika umbo. Hicho ndicho nilichowapa wanafunzi kwa muda, kama mtu anayeazima mwavuli huku akitafuta paa. Mimi binafsi napenda pia kusema kwamba takwimu "zimeelemea upande" au "zimelalia upande", kwa heshima ya yule punda. Kuna waandishi watakaochagua "kwenda kombo", "kwenda upogo" au "kwenda mshazari". Kombo na upogo tayari vina harufu ya ubaya. Mshazari ni safi zaidi: fundi cherehani hukata kitambaa mshazari kwa kusudi, ili vazi liuteleze mwili vizuri, na hakuna anayemshtaki.

Asili ya neno lenyewe inastahili kusimuliwa, maana kwangu ndiyo iliyofungua mlango. Waingereza walilipata kutoka lahaja ya kaskazini mwa Ufaransa, ambako kulikuwa na kitenzi 'eskiuer', maana yake kukwepa au kuepa. Wafaransa nao walikuwa wamekichukua kutoka lugha za Kijerumani za kale. Ukoo huohuo umezaa neno 'eschew', yaani kujiepusha na jambo, na una udugu na neno 'shy', ambalo leo wanafunzi hulitumia kwa maana ya mtu mwenye haya. Katika karne ya 15, basi, aliyefanya 'skew' alikuwa mtu au mnyama aliyechepuka njiani ili kukwepa kitu, kama farasi anavyoshtukia nyoka na kuruka kando. Kutoka kuchepuka maana ilihamia kwenye kukaa upande, na kuja kufikia karne ya 19 ikafika kwenye kuueleza ukweli kwa namna inayouelemeza upande mmoja. Safari ya miaka mia nne, tangu kuogopa nyoka hadi kupinda habari.

Linganisha na kitenzi kingine cha jamii hiyo, 'distort'. Hicho asili yake ni Kilatini, na shina lake lamaanisha kusokota au kunyonga. Shina hilohilo limezaa neno la mateso, 'torture', na limezaa pia 'tort', lile kosa la kudaiwa fidia ambalo mawakili wetu hulitaja kila siku katika mahakama za Kenya. Hata neno la kawaida kabisa la Kiingereza la kusema "si sawa", yaani 'wrong', katika kale lilimaanisha kilichopindika. Nasi tuna yetu. Kupota ni kusokota nyuzi ili kupata kamba. Kutoka hapo tuna -potoa, -potoka, -potosha na upotofu. Warumi na Waswahili hawakuazimana jambo hili. Kila mmoja aliitazama kamba, akaona kwamba uzi ulionyooka ukizungushwa hautarudi ulivyokuwa, akalichukua neno la kazi ya mikono akalitia katika maadili.

Kwa hiyo tuna picha mbili tofauti, na nawasihi walimu wasizichanganye. Anayesokota ameushika ukweli mkononi mwake na kuunyonga. Anayekwepa hakuushika hata kidogo. Ameuona, akapita kando. Matokeo yaweza kufanana, lakini kazi iliyofanyika si moja.

Kuna na picha ya tatu, ambamo hakuna asokotaye wala akwepaye. Hii ni ya wanahisabati. Mwaka 1895 Karl Pearson, profesa wa University College jijini London, alichapisha makala mashuhuri kuhusu migawanyo iliyopinda, yaani pale hesabu zinapokataa kujipanga sawasawa kushoto na kulia mwa wastani. Kwake yeye neno hili halikuwa lawama. Nilimwomba mwalimu wa hisabati ruhusa ya kuingia katika shamba lake, nikachora ubaoni maboma kumi. Tisa yana mbuzi 10 kila moja. La kumi lina mbuzi 410. Jumla ni mbuzi 500, na wastani ni mbuzi 50 kwa kila boma. Nikawauliza: ni boma lipi lenye mbuzi 50? Halipo. Mtu wa katikati, ukiwapanga kwa safu kutoka maskini hadi tajiri, ana mbuzi 10. Mgeni akija na wastani wake mkononi atasema kwamba watu wa hapa wanajiweza, na hatakuwa amedanganya, wala tajiri hatakuwa amemdanganya yeyote. Hesabu imelalia upande kwa sababu mali yenyewe imelalia upande. Hapo kusema kwamba takwimu zimepotoshwa ni kumwonea mtu asiyekuwapo.

Sasa nirudi kwenye sensa, maana ndiko kifungu kile kilikokuwa kikielekea, na ndiko penye uchungu.

Tarehe 31 Agosti 2010, siku nne tu baada ya Katiba mpya kuzinduliwa, Waziri wa Mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, alitangaza matokeo ya sensa iliyofanywa Agosti 2009. Wakenya walikuwa 38,610,097. Katika tangazo hilohilo alifuta matokeo ya wilaya nane: Lagdera, Wajir Mashariki, Mandera Mashariki, Mandera ya Kati, Mandera Magharibi, na wilaya tatu za Turkana. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kitaalamu. Ongezeko lilipita kiasi ambacho vizazi na vifo vingeweza kukieleza, na mpangilio wa umri na jinsia haukufanana na ule unaotarajiwa. Kotile haikuwamo katika wilaya hizo nane. Lakini mtu wa Nairobi hatofautishi Lagdera na Ijara. Kwake yote ni "huko juu", hata kama sehemu yenyewe iko karibu na Lamu kuliko ilivyo karibu na Mandera.

Sikatai kwamba mashaka yalikuwa na msingi. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulihesabiwa kuwa na watu 962,143 mwaka 1999, na 2,310,757 mwaka 2009. Hilo ni ongezeko la mara mbili na nusu kasoro kidogo katika miaka kumi, na mwalimu yeyote wa hisabati angeliinua kalamu nyekundu. Aidha, kilichokuwa mezani hakikuwa fahari tu. Katiba mpya iliifanya idadi ya watu kuwa kipimo cha kugawa maeneo ya ubunge, na baadaye Tume ya Ugavi wa Mapato, katika fomula yake ya kwanza, iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45 katika kugawa fedha za kaunti. Penye mzinga wa asali nyuki hawakosekani. Siwezi kuapa kwamba hakuna mkono uliojaza fomu chini ya mti kwa majina ya watu wasiozaliwa.

Lakini nikaandika ubaoni hesabu zote za mkoa ule tangu uhuru, kwa safu, ili wanafunzi waone kamba yote badala ya fundo moja. Mwaka 1969: watu 245,757. Mwaka 1979: watu 373,787. Mwaka 1989: watu 371,391. Mwaka 1999: watu 962,143. Mwaka 2009: watu 2,310,757.

Nilikaa kimya nikawaacha wasome. Haikuchukua muda. Baina ya 1979 na 1989 mkoa mzima ulipungua kwa watu 2,396, ilhali Kenya kwa jumla ilitoka watu milioni 15.3 hadi milioni 21.4. Kisha baina ya 1989 na 1999 mkoa uliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu, yaani kwa kasi kubwa kuliko ile iliyokuja kufutiwa watu matokeo miaka kumi baadaye. Ndugu msomaji, mimi nimeyafuatilia magazeti kwa muda mrefu, na sikumbuki kichwa cha habari kilicholia kwamba sensa ya 1989 ilipotoshwa. Hesabu ikiwa ndogo mno huitwa upungufu. Ikiwa kubwa mno huitwa udanganyifu. Kitenzi hakichaguliwi na tarakimu bali na upande ambao tarakimu zimelalia.

Je, 1989 kulikuwa na nini? Hapa ndipo asili ya neno, ile ya kukwepa, iliponisaidia kuliko ile ya kusokota. Mfikirie karani wa sensa aliyepewa siku chache, gari moja bovu, na eneo ambalo mabwawa yamekauka na watu wamehama kuyafuata malisho. Huyo hapindi kitu. Anapita palipo na njia, na pasipo na njia anapakwepa. Mfikirie pia mwenye boma. Mwezi Novemba 1980 wakazi wa Garissa waliyaona ya Bulla Karatasi. Mwezi Februari 1984 watu wa Wajir waliyaona ya Wagalla, ambako wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege na wengi hawakurudi. Mwezi Novemba 1989, miezi michache tu baada ya sensa, serikali ilitangaza zoezi la kuwachuja Wakenya wenye asili ya Kisomali, na waliopita mchujo wakapewa kadi za rangi ya waridi juu ya vitambulisho vya kawaida. Mtu aliyeishi katika miaka hiyo, akimwona mgeni mwenye fomu na kalamu akija kuuliza ni wanaume wangapi wamelala humu, atafanya nini? Yule farasi na nyoka wake walikuja mawazoni mwangu. Karani alimkwepa mwenyeji, mwenyeji akamkwepa karani, na kati yao ikapatikana hesabu iliyolala upande. Wala simaanishi kwamba huo ndio ufafanuzi wote; ninachosema ni kwamba kukwepa kunatosha, hata pasipokuwa na njama, kuipinda hesabu ya mkoa mzima.

Na pale ambapo mkono upo na unajulikana, tusione haya kuutaja. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965, ule uliohusu Ujamaa wa Kiafrika, ulieleza wazi kwamba fedha za maendeleo zingeelekezwa kule ambako zingeleta faida kubwa zaidi kwa haraka, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na barabara. Hapo hatuna haja ya kiwambo -k-. Mgawo wa rasilimali haukupindika kama mti. Ulipindwa, kwa hoja zilizoandikwa na kuchapishwa. Katiba ya 2010 yenyewe imekiri jambo hilo kwa namna yake, ilipoanzisha Hazina ya Usawazishaji katika kifungu cha 204 ili sehemu zilizoachwa nyuma zipate maji, barabara, afya na umeme. Neno "kusawazisha" linalipa neno letu jibu: husawazishwi ila kilichokuwa kimeinama.

Mvulana wa dawati la nyuma hakuridhika. Aliniuliza kwa adabu, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwishanasa kosa la mwalimu: "Mwalimu, basi nawe unatuambia tusimlaumu mtu yeyote? Tukiandika zimepinda, zimelala, zimeelemea, si tunawaficha waliofanya?" Nilimwambia kwamba ana haki. Ipo hatari hiyo, tena kubwa. Viongozi wetu wanakipenda sana kiwambo -k-. Fedha hupotea, majalada hupotea, mitihani huvuja, majengo huanguka, na daima hakuna aliyepoteza wala aliyevujisha. Sarufi ya Kiswahili ikitumiwa na mtu mwoga ni pango la kujifichia, sawasawa na lile la Kiingereza nililolilaumu hapo awali. Nimelaumu lugha ya watu na yangu ina tundu lilelile. Tofauti ni kwamba katika yetu tundu linaonekana, kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukionyesha kiambishi kwa kidole na kuuliza kwa nini kimewekwa.

Kwa hiyo nilimpa shauri ambalo nawapa pia walimu watakaokutana na neno hili katika tafsiri. Kabla hujaandika "zilipotoshwa", hebu jaribu kuendeleza sentensi kwa neno "na". Zilipotoshwa na nani? Ukiwa na jina, au cheo, au hata waraka, endelea na uandike. Ukiwa huna, na bado moyo unakusukuma kuandika "zilipotoshwa", jiulize ni uso wa nani ulioujia moyo wako. Kama hesabu imelala kwa sababu ya maumbile yake, kama wale mbuzi, sema imelala. Kama watu walichepuka wasiifikie, sema haikuwafikia. Mfasiri hana budi kujua zaidi ya mwandishi aliyemtangulia, na hilo ni dhuluma ndogo ya kazi yake.

Gazeti la kesho halitangoji tufanye hivyo. Matokeo ya sensa ya 2019 yalipotangazwa, kaunti ya Mandera ilipewa watu 867,457, ilhali mwaka 2009 ilikuwa imehesabiwa kuwa na watu 1,025,756. Garissa ilipewa 841,353 na Wajir 781,263. Safari hii malalamiko yalitoka upande wa pili: wenyeji ndio waliosema hesabu imepunguzwa. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliyabatilisha matokeo hayo kwa kaunti zote tatu, uamuzi ambao ulikatiwa rufaa. Nilizisoma habari hizo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Katika Kiingereza, neno letu la herufi nne lilikuwa likijitokeza hapa na pale. Katika Kiswahili, mwandishi mmoja aliandika kwamba takwimu "zilichakachuliwa", neno lililoazimwa kwa wale wanaochanganya mafuta ya taa na dizeli. Nilijiuliza kama alikuwa amelipata jina la kutia baada ya "na".

Katika kusahihisha madaftari niliwapa alama sawa yule mvulana na yule msichana, nikijua kwamba wote wawili wangenung'unika. Pembeni mwa "zilipotoshwa" niliandika kwa kalamu nyekundu: "na nani?" Pembeni mwa "zilipotoka" niliandika: "kwa sababu gani?" Mvulana hakujibu, alisema yeye hajawahi kuona daftari linalojibizana na mwalimu. Msichana alilirudisha lake siku ya Jumatatu. Chini ya maandishi yangu alikuwa ameinakili safu ya hesabu zile tano, amezungushia duara mwaka 1989, na kuandika kwa penseli: "Mwalimu, hawa waliokosekana hapa, walikuwa hawajazaliwa au walikuwa hawajaulizwa?"

Nililibeba daftari hilo hadi chumba cha walimu na kumwonyesha mwalimu wa historia. Alilisoma mara mbili, akaomba akae nalo mpaka jioni.